Unyumbufu wa midomo kwa wapigaji wa ala za shaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wapigaji wa tarumbeta, tromboni, honi, yufoniamu na tuba pindi wanapogundua kwamba vidole vimeshajua kazi yake lakini midomo bado inagoma. Majibu yamemlenga zaidi mpigaji wa bendi ya kanisa, ya shule au ya kikosi, ambaye hukutana na wenzake mara chache kwa juma na hufanya mazoezi ya peke yake anapopata nafasi. Nota zinatajwa kwa do-re-mi, kwa kuwa wengi wetu tuliijua kwenye kwaya kabla ya kushika tarumbeta.

Unyumbufu wa midomo ni nini hasa?

Ni uwezo wa kuhama kutoka nota moja kwenda nyingine ilhali vidole vimetulia, au mkono wa tromboni haujasogea, bila kuikata pumzi na bila kuigonga nota mpya kwa ulimi. Jambo hilo linawezekana kwa sababu bomba moja lenye urefu uleule hutoa nota nyingi. Tarumbeta ya si-bemoli (B♭), ambayo bomba lake likinyooshwa hukaribia mita moja na nusu, ikipulizwa bila kubonyeza vali yoyote, yaani vile vitufe vya vidole, hutoa do ya chini, so, do ya kati, mi, so ya juu, kisha nota moja iliyo chini kidogo ya ta ya kinanda, halafu do ya juu.

Hewa iliyomo ndani ya bomba hutikisika takriban mara 233 kwa sekunde kwenye do ya chini, mara 350 kwenye so, mara 466 kwenye do ya kati, mara 583 kwenye mi na mara 699 kwenye so ya juu. Nyongeza ni ileile kila hatua, lakini sikio hupima kwa uwiano, na kwa hiyo hulisikia pengo likizidi kuwa jembamba kadiri unavyopanda. Ndiyo maana kule chini kazi ni kuvuka pengo pana bila kujikwaa, na kule juu kazi ni kutua kwenye nota uliyoikusudia na si kwa jirani yake.

Kama vali zipo, kwa nini nijisumbue na midomo?

Vali huongeza urefu wa bomba tu, hazikuchagulii nota. Ukibonyeza vali ya kwanza utapata mfululizo mwingine mzima wa nota, na ni midomo, ulimi na pumzi vinavyoamua ni ipi kati ya hizo itakayolia. Kabla ya Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel kupewa hataza ya vali huko Berlin mwaka 1818, mpigaji wa tarumbeta kwa kawaida alitegemea mfululizo mmoja tu, na buruji ya jeshi bado iko hivyo hadi leo. Siwa la shaba la Lamu nalo, ambalo hupulizwa kwa ubavuni, halina chochote cha kubonyeza. Kwa maoni yangu, mtu aliyeanza na buruji ana bahati, kwa kuwa hakupata pa kujificha.

Katika tenzi za kawaida, mpigaji asiye na unyumbufu hutambulika mara moja: kila panapotokea mruko wa sauti yeye huukata mstari, hugonga kwa ulimi mahali ambapo waimbaji wanaunganisha silabi, na sauti yake hubadilika rangi kila anapopanda.

Kitabu kimoja kinaiandika nota ya wazi (ipigwayo bila kubonyeza vali) kama do, kingine kama si-bemoli. Nifuate kipi?

Vyote viwili ni sahihi, ila vinatoka katika desturi mbili tofauti. Bendi zenye asili ya Kiingereza, zikiwemo zile za Jeshi la Wokovu lililofika Kenya mwaka 1921, huiandikia tarumbeta, kornet na hata tuba kwa namna ambayo nota ya wazi husomwa kama do, ingawa inayosikika ni si-bemoli. Vitabu vya bendi za makanisa ya Kijerumani huandika kile kinachosikika, kwa hiyo mpigaji wa tarumbeta hiyohiyo huisoma nota ya wazi kama si-bemoli. Mpigaji aliyejifunzia kwa vitabu vya Kijerumani akipewa karatasi ya Kiingereza bila kuambiwa atapiga nota isiyo yake, kisha atailaumu midomo bure. Katika ukurasa huu, do ni nota ya wazi ya ala yako, hata kama kitabu chako kinaiita jina lingine.

Ninapopanda kutoka nota moja kwenda nyingine, ni kitu gani kinachobadilika mdomoni?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo panapokosewa zaidi. Wapigaji wengi huamini kwamba nota ya juu hupatikana kwa kuikaza midomo na kuisukuma mauthipisi, yaani kile kikombe cha kupulizia, usoni. Kwa kweli mabadiliko ni madogo, tena yamegawanywa kati ya sehemu kadhaa ili pasiwe na sehemu moja inayobeba mzigo wote.

Ulimi unafanya kazi kubwa kuliko tunavyohisi. Tamka "aa" kisha "ii" bila kusogeza taya, nawe utaona jinsi mgongo wa ulimi unavyopanda kuelekea kaakaa. Piga mluzi kutoka sauti ya chini kwenda ya juu, na utakuta ulimi unafanya vivyo hivyo wakati midomo imetulia karibu kabisa. Mtafiti wa Marekani Peter Iltis, akishirikiana na wenzake wa Göttingen nchini Ujerumani, aliwachunguza wapigaji wa honi kwa mashine inayotoa picha za ndani ya mwili kwa sumaku huku wakiendelea kupiga, na picha hizo zinauonyesha waziwazi ulimi wa mpigaji stadi ukiinuka anapopanda na kushuka anaposhuka.

Kitundu kilicho kati ya midomo hupungua kidogo, nazo pembe za mdomo hushikilia bila kuvutwa nyuma. Ukizivuta nyuma kama mtu anayetabasamu, midomo inakuwa myembamba, sauti inakuwa kali na nota ya juu inakuja ikiwa imebanwa. Pembe zielekee ndani, kuelekea meno ya mbele.

Pumzi haitakiwi kukatika wala kupungua wakati wa kuhama. Wengi, kwa kuogopa nota ya juu, hupunguza pumzi kabla ya kuvuka, na hapo hapo nota inapasuka.

Nianze na zoezi gani?

Weka metronomi kwenye mipigo 60 kwa dakika. Programu za bure za simu zinatosha. Piga do ya chini kwa mipigo minne, uhamie so kwa mipigo minne, urudi do kwa mipigo minne, kisha uishushe ala kutoka mdomoni na kupumzika kwa muda uleule uliopiga. Ulimi uguse mara moja tu, mwanzoni. Katika mpigo wa nne wa do ongeza pumzi kidogo, kana kwamba nota inataka kukua, halafu uuache ulimi uende kutoka "aa" hadi "ii". Usiisukume nota, isubiri.

Baada ya hapo rudia zoezi kwa vali ya pili, kisha ya kwanza, kisha ya kwanza na ya pili kwa pamoja, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu, na mwisho zote tatu. Kila hatua inakushusha nusu toni. Katika hatua mbili za mwisho tarumbeta hupanda juu ya tuni, kwa hiyo lisukume nje bomba la vali ya tatu kwa kidole cha mkono wa kushoto. Mwenye tromboni atakwenda kutoka nafasi ya kwanza hadi ya saba, na mwenye mkono mfupi anaweza kuishia ya sita bila aibu.

Zoezi hilo likienda bila kujikwaa katika hatua zote saba, hamia so, do ya kati, so. Kisha do ya kati, mi, do. Baadaye ziunganishe: so, do, mi, do, so kwa pumzi moja. Kwenda do ya juu si lazima katika miezi ya mwanzo, na anayeharakia kule kwa kawaida hurudi akiwa na midomo iliyochoka na tabia mbaya ambayo itamchukua muda mrefu kuiacha.

Nota inapasuka katikati, au nasikia kama kwikwi kabla haijatulia. Tatizo liko wapi?

Anza na sikio. Iimbe nota unayoiendea kabla ya kupiga, kwa sauti, si kwa kuikadiria kichwani. Mara nyingi mtu asiyeweza kuiimba so kutoka do hawezi pia kuipata kwa midomo, kwa sababu midomo haijaambiwa iende wapi. Waimbaji wa kwaya wana faida kubwa hapa.

Kama unaiimba vizuri na bado inapasuka, sikiliza ni wakati gani kasoro inatokea. Sauti ikififia kabla ya kuhama, umepunguza pumzi. Ukisikia "ha" ya kifuani, umeisukuma nota kwa tumbo badala ya kuiachia mkondo wa hewa uliokuwa tayari unatembea. Ukiipita so na kuangukia do ya kati, mabadiliko yako ni makubwa mno. Fanya robo ya kile ulichokifanya. Na kama nota ya juu inatoka lakini ya chini haitaki kurudi, umeikaza midomo ulipopanda na hukuilegeza, jambo ambalo halionekani kwa anayefanya mazoezi ya kupanda tu. Kushuka ni nusu ya zoezi, na katika bendi nyingi nusu hiyo ndiyo mbovu zaidi.

Njia nyingine inayosaidia ni kuacha kwa makusudi kutafuta usafi kwa dakika chache. Vuta sauti polepole kutoka do kwenda so, uikubali ile michafuko iliyo katikati, usikie ni mahali gani ala inakuvuta na mahali gani inakuachia. Kwa mpigaji wa kupenda usafi zoezi hili huudhi, lakini hufundisha kwa haraka kwamba bomba lenyewe lina nguvu ya kukamata nota iliyo karibu nalo.

Nitajuaje kama naibana mauthipisi kupita kiasi?

Alama ya duara inayobaki mdomoni baada ya kupiga ni ya kawaida; ikikaa muda mrefu, au ikiambatana na ganzi, umebana. Jaribio jepesi kwa mpigaji wa tarumbeta ni kukiondoa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kwenye ile ndoano yake, na kukilaza juu ya bomba. Ndoano hiyo imewekwa ili uweze kuishika ala kwa mkono mmoja unapofungua karatasi au kushika kiziba sauti, lakini wengi wetu huitumia kuivutia tarumbeta usoni kila nota inapokuwa ngumu. Piga so, do, mi bila ndoano. Ikiwa mi imetoweka, basi iliyokuwa ikiipiga ni mkono.

Shinikizo kiasi lazima liwepo, la sivyo hewa itavuja pembeni mwa mauthipisi. Ushauri wa kupiga tarumbeta iliyoning'inizwa kwa kamba hauna manufaa kwa mtu wa kawaida. Lakini kubana kwa miaka mingi kuna gharama. Mpiga tarumbeta wa jazi Louis Armstrong aliumia midomo hadi akalazimika kukaa miezi kadhaa bila kupiga katikati ya miaka ya 1930, na madaktari waliupa mchaniko wa msuli unaouzunguka mdomo jina la lakabu yake, Satchmo.

Mazoezi haya yachukue muda gani kwa siku?

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, mradi zipatikane siku nyingi za juma. Saa nzima ya Jumamosi haiwezi kulipia siku sita za kukaa bure. Yafanye baada ya kupasha midomo moto kwa nota ndefu za chini, kabla ya nyimbo, kabla midomo haijachoka. Pumzika kwa muda unaokaribia ule uliopiga. Wapigaji wawili wakipokezana zoezi moja, mmoja anapiga na mwingine anasikiliza, mapumziko yanapatikana yenyewe, na kwa bendi yenye ala chache kuliko watu utaratibu huo ndio bora kabisa.

Siku ya shughuli ndefu, kwa mfano mazishi ambapo bendi hupiga nyumbani, njiani na makaburini, fanya mazoezi mepesi ya chini tu.

Je, tunapopiga huku tukitembea mambo yanabadilika?

Yanabadilika kidogo. Kila hatua hutikisa mauthipisi juu ya meno, na mpigaji hujibu kwa kuibana ili isitoroke. Legeza magoti, kisigino kitangulie kugusa ardhi, na viwiko visigande mbavuni. Mruko mgumu wa sauti ukishindikana barabarani, ugonge kwa ulimi. Msafara si mahali pa kujifunzia.

Kuna faida ya kutetemesha midomo kwa mauthipisi peke yake?

Walimu wanatofautiana sana katika suala hili. Mauthipisi ikiwa peke yake haina bomba la kukushikia nota, kwa hiyo sauti huteleza bila ngazi na kila kosa la sikio huonekana. Kwa sababu hiyo inafaa kama kipimo: telezesha kutoka do hadi so na kurudi, usikilize kama mkondo unakatika. Hata hivyo, bila ala midomo hulazimika kujishikilia kwa nguvu zaidi, na anayeendelea kwa nusu saa huwa anajizoesha kukaza. Binafsi ningeishia dakika mbili au tatu.

Napiga tromboni. Si ningeweza kuteleza kwa mkono tu?

Kwenye tromboni, kuunganisha nota mbili kwa kuusogeza mkono huku ukibaki kwenye ngazi ileile ya mfululizo huacha mkwaruzo wa sauti kati yake, na ulimi laini, kama "da" au "la", ndio unaoufuta. Lakini unapovuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine, hasa mkono ukienda nje huku sauti ikipanda, au ukirudi ndani huku sauti ikishuka, nota hujigawa yenyewe bila ulimi. Mpigaji anayezijua sehemu hizo anaweza kuupiga utenzi mzima kwa namna isiyoonyesha mahali ambapo ulimi umegusa, na ni mazoezi ya midomo yaleyale ndiyo yanayompa sikio la kuzitambua.

Na wa honi na tuba?

Tuba inahitaji hewa nyingi itembeayo polepole na taya lililo wazi, kanuni hazibadiliki. Honi ni ngumu zaidi kwa kuwa bomba lake, ambalo kwa honi ya fa hukaribia mita 3.7, huifanya ipige kule ambako nota zimekaribiana sana. Ukaribu huo una faida yake: kuanzia do ya juu, nota za jirani zimeachana kwa toni moja tu, kwa hiyo mpigaji anaweza kuzipokezanisha haraka na kupata mtetemo wa do na re bila kugusa vali. Mtetemo huo hauanzi na kasi. Huanzia kwenye lile zoezi la mipigo 60, likiongezwa polepole hadi ulimi utakapoanza kwenda wenyewe.

Inawezekana kwamba kosa ni la ala na si langu?

Inawezekana, hasa kwa ala za bendi zilizopita mikononi mwa watu wengi. Bonyeza kwa nguvu kifuniko cha kutolea mate wakati unapiga nota inayosumbua. Ikitulia ghafla, kizibo chake kimekwisha na hewa inavuja, na kipande cha mpira kilichokatwa vizuri kitakusaidia hadi utakapopata kingine. Kisha lichomoe bomba dogo la vali ya pili bila kuibonyeza vali. Likitoka na mlio mdogo wa "po", kuta zake bado zinabana. Likitoka kimya, pengine kuna uvujaji hapo au kwenye vali. Tazama pia shina la mauthipisi: lililopinda au lisilokaa sawasawa hufanya nota zote za wazi ziyumbe.

Kununua mauthipisi mpya kwa matumaini ya kupata unyumbufu ni hatua ya mwisho. Kikombe chenye kina kifupi kinaweza kurahisisha nota za juu kwa wiki chache, kisha tabia zilezile hurudi.

Midomo yangu imevimba, au ina kidonda. Niendelee?

Uvimbe mdogo baada ya shughuli ndefu huisha kwa kupumzika siku moja au mbili, na siku ya kurudi upige nota za chini kwa sauti ya kati. Kidonda kilicho wazi hakitakiwi kuguswa na mauthipisi. Maumivu makali ya ghafla, au pengo unaloweza kulihisi ndani ya msuli, ni jambo la daktari.

Katika vikundi vinavyogawana ala, vidonda vya homa vya midomoni huambukiza kwa urahisi kupitia mauthipisi. Kila mpigaji awe na yake. Pasipowezekana, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kupokezana, na mwenye kidonda akae nje hadi kipone. Kuipangusa kwa shati si kuiosha.

Nitapimaje maendeleo?

Jirekodi kwa simu, zoezi lilelile, mara moja kwa wiki, na uisikilize rekodi siku inayofuata badala ya papo hapo. Usihesabu kasi tu. Sikiliza kama so ina rangi moja na do, kama kushuka kumekuwa safi sawa na kupanda, na kama hatua ya vali zote tatu inaanza kufanana na ya wazi, maana hiyo huwa ya mwisho kunyooka. Yakitimia hayo kwa mipigo 60, gawanya kila mpigo katika nota mbili, halafu tatu, halafu nne, kabla ya kuigusa metronomi. Ikifika siku ambapo huwezi kupiga kwa kasi ya wiki iliyopita, rudi kwenye nota ndefu kwa siku chache. Mara nyingi midomo iliyochoka huonekana kama midomo iliyosahau.